Kutoka Mtumwa hadi Siti: Jina, Sauti na Ukimya katika Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert

1. Utangulizi

Siti binti Saad alifariki dunia mwaka 1950. Miaka minane baadaye, mwaka 1958, Wasifu wa Siti binti Saad ulioandikwa na Shaaban Robert ulichapwa kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Tangu hapo kitabu hicho kimekuwa mlango mkuu ambao wasomaji wengi wa Kiswahili hupitia ili kumfahamu mwimbaji huyo. Mwanafunzi wa Mbinga au wa Mbamba Bay, kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, ambaye hajapata kuisikia santuri yake hata moja, humkuta Siti kwanza katika ukurasa. Kwa msomaji wa namna hiyo Siti ni kitabu kabla ya kuwa sauti, na mara nyingi hubaki kuwa kitabu tu.

Uhakiki huu unachunguza gharama ya hali hiyo. Hoja inayojengwa ni kwamba Wasifu si kumbukumbu ya maisha ya mwimbaji kwa maana ya kawaida. Ni utetezi: mwandishi anasimama mbele ya jamii yenye dharau dhidi ya mwanamke mwimbaji na kumdai mwanamke huyo uungwana. Ili ashinde shauri hilo, anaipa tabia ya Siti nafasi ya mbele na kuisogeza kazi yake ya uimbaji nyuma. Matokeo yake ni kwamba kitabu kilichokusudiwa kuidumisha sauti kimesaidia kuinyamazisha.

Ili hoja hiyo ionekane wazi, Siti atalinganishwa na mwimbaji wa ghazali na mwigizaji wa filamu za mwanzo za India, Akhtaribai Faizabadi, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Begum Akhtar. Ulinganishi huu una misingi miwili. Kwanza, Siti na kikundi chake walirekodi santuri zao mjini Bombay mwaka 1928, yaani katika biashara ileile ya santuri iliyokuja kumjenga Akhtaribai miaka michache baadaye. Pili, wote wawili walibadilisha majina, na katika kila jina jipya mlikuwa na madai ya heshima. Tofauti ya njia walizopitia kuyapata majina hayo ndiyo inayotoa mwanga juu ya kile alichokifanya Shaaban Robert.

2. Jina kama shauri la uungwana

Siti alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, mwaka 1880. Baba yake, Saad, alikuwa na asili ya Unyamwezini na mama yake asili ya Uzigua. Jina alilopewa mtoto ni Mtumwa. Jina hilo halihitaji kufasiriwa. Katika Unguja ya wakati huo, hali ya utumwa haikuwa imefutwa kisheria. Amri ya kuifuta ilitolewa mwaka 1897, Siti akiwa na umri wa miaka kumi na saba hivi. Amri ya serikali iliweza kuondoa umiliki wa mtu juu ya mtu, lakini haikuweza kuondoa mgawanyo uliokuwa umeota mizizi katika lugha yenyewe, baina ya mtumwa na mwungwana.

Uungwana katika jamii ya Waswahili haukuwa suala la nasaba peke yake. Ulihusu pia makazi, mavazi, usemi, elimu ya dini na namna ya kujiweka mbele za watu. Mtu wa shamba aliyevaa kaniki na kuuza vyungu alikuwa nje ya duara hilo hata kama hakuna aliyemmiliki. Siti alikuwa mfinyanzi na alitembeza vyungu vyake. Mwaka 1911 alihamia mjini, na huko akakutana na Ali Muhsin, mwanamuziki aliyemfundisha kuimba kwa kufuata ala. Alijifunza pia kusoma Kurani, jambo ambalo lilikuwa na uzito wake katika uimbaji, kwani lilimpa utamkaji wa Kiarabu na udhibiti wa pumzi, na vilevile lilikuwa na uzito katika jamii, kwani lilimsogeza karibu na duara la waungwana.

Jina la Siti lilikuja baada ya hapo. Neno hilo asili yake ni Kiarabu na maana yake ni bibi mwenye heshima. Mtu aliyezaliwa akiitwa Mtumwa sasa aliitwa Bibi, na walioitamka heshima hiyo ni pamoja na watu ambao wazazi wao wangeweza kumwita kwa jina la kwanza bila kufikiri. Kwa hiyo kubadilika kwa jina hili ni zaidi ya tukio la wasifu. Ni muhtasari wa mabadiliko ya Unguja katika muda wa kizazi kimoja.

Jambo la msingi ni hili: jina la Siti lilipatikana kwa kuimba. Hakulipata kwa kuolewa na mtu wa daraja la juu, wala kwa kuificha kazi yake. Kadiri alivyoimba ndivyo jina lilivyoimarika. Wapinzani wake walilifahamu jambo hilo, na ndiyo maana walimtungia wimbo wa kumkumbusha kwamba alitoka shamba akiwa na kaniki na kumwuliza alikuwa mtu lini. Siti alijibu kwa wimbo. Katika jibu lake alikataa kupimwa kwa sura wala kwa asili, akataka apimwe kwa akili na mwenendo. Ugomvi huo uliendeshwa kwa chombo chenyewe cha uimbaji, na mshindi aliamuliwa na wasikilizaji.

3. Akhtaribai: heshima iliyolipiwa kwa ukimya

Akhtaribai alizaliwa Faizabad, kaskazini mwa India, mwaka 1914. Mama yake, Mushtari Bai, alikuwa mwimbaji. Kiungo cha «bai» katika majina ya wanawake wa kazi hiyo kilikuwa alama ya fani na wakati uohuo alama ya aibu, kwani waimbaji wanawake wa kulipwa walihesabiwa kuwa nje ya maisha ya nyumba zenye heshima hata pale wenye nyumba hizo walipowaalika na kuwatunza. Filamu za India zilipoanza kuwa na sauti, watengenezaji walihitaji waigizaji wanaoweza kuimba wenyewe mbele ya kamera, kwa kuwa desturi ya kumwimbia mwigizaji sauti ya mtu mwingine ilikuwa haijaimarika. Wanawake wa fani ya akina Akhtaribai walikuwa tayari na ujuzi huo. Yeye alionekana katika filamu za mwanzo mwanzo wa miaka ya 1930, zikiwamo Ek Din Ka Badshah na Nal Damayanti za mwaka 1933.

Filamu ilimpa mwimbaji sura iliyosafiri, lakini ilikuwa na bwana wake. Mfano ulio wazi ni Roti, filamu ya Mehboob Khan ya mwaka 1942. Akhtaribai aliigiza humo na kuimba ghazali kadhaa. Filamu ilipotoka, baadhi ya nyimbo hizo zilikuwa zimeondolewa. Hazikupotea, kwa sababu zilikuwa zimerekodiwa kwenye santuri za kampuni ya Megaphone. Aliyeitazama filamu alimwona mwigizaji aliyeimba kidogo. Aliyekuwa na santuri alimsikia mwimbaji mzima. Kwa hiyo chombo kimoja kilipunguza kile ambacho kingine kilihifadhi. Tukio hili litarejewa, kwa kuwa uhusiano wa namna hiyo ndio uliopo kati ya Wasifu na santuri za Siti.

Mwaka 1945 Akhtaribai aliolewa na wakili Ishtiaq Ahmed Abbasi wa Lucknow. Ndoa ilimwingiza katika nyumba ya heshima na ilimletea jina la Begum, ambalo ni la mke wa mtu mwenye hadhi. Sharti lake lilikuwa kuacha kuimba. Alinyamaza kwa muda wa miaka mitano hivi, akaugua, na hatimaye akarudi kuimba katika kituo cha redio cha Lucknow. Kuanzia hapo hadi kufa kwake mwaka 1974 alikuwa gwiji wa ghazali, na taifa la India lilimtunukia nishani. Hata hivyo jina lililobaki katika santuri na vitabu ni lile la ndoa. Kiungo cha «bai» kilifutwa.

Wanawake hao wawili, basi, walianzia mahali pamoja kijamii na kufika mahali panapofanana, lakini kwa njia zinazopingana. Siti alipata jina la heshima kwa sababu aliimba. Akhtaribai alilipata lake kwa kuacha kuimba, kisha ikambidi kuipatanisha heshima hiyo na sauti iliyokataa kufa. Swali ambalo ulinganishi huu unauliza ni kama Shaaban Robert, alipoandika juu ya Siti, aliifuata njia ya Siti mwenyewe au alimpitisha katika njia ya Akhtaribai.

4. Wasifu kama utetezi

Kumtendea haki Shaaban Robert kunahitaji kuanza na ujasiri wa uteuzi wake. Fasihi andishi ya Kiswahili aliyoirithi ilikuwa na hazina kubwa ya masimulizi ya maisha, lakini maisha hayo yalikuwa hasa ya mitume, masahaba, mashujaa na watawala. Kumchukua mwanamke wa shamba, mfinyanzi, aliyezaliwa akiitwa Mtumwa, na kumwandikia kitabu kizima kwa nathari adilifu ilikuwa ni kuupanua utanzu wenyewe. Mwandishi alikutana na Siti miezi michache tu kabla ya kifo chake, na hivyo kitabu kina msingi wa mazungumzo na mhusika mwenyewe. Uamuzi huo unastahili sifa, na hakuna uhakiki wa haki unaoweza kuupuuza.

Lakini kila utetezi hujengwa kwa kumfikiria hakimu. Hakimu wa Shaaban Robert ni msomaji mwenye kuamini kwamba mwanamke anayeimba mbele ya wanaume kwa malipo hawezi kuwa mwanamke mwema. Mwandishi hamwambii msomaji huyo kwamba kipimo chake ni kibovu. Anakikubali kipimo, kisha anaonyesha kwamba Siti anakifikia. Ndiyo maana mizani ya kitabu inaelemea upande wa adili: subira, ukarimu, unyenyekevu, bidii, akili, uaminifu kwa marafiki. Hizi ndizo sifa ambazo mwandishi amezithamini katika kazi zake nyingine pia. Msomaji wa Adili na Nduguze atazitambua mara moja, kwa kuwa Siti wa Wasifu ni jamaa wa karibu wa wahusika wema wa hadithi za Shaaban Robert.

Hapo ndipo ilipo dosari kuu ya kitabu. Mhusika wa hadithi ya adili hujengwa ili awe mfano, na mfano haubadiliki. Hutahiniwa tu na kushinda. Mwimbaji halisi hubadilika. Hujifunza, hukosea, huchagua wimbo huu na kuuacha ule, hupima hadhira, hupatana na wapiga ala, hushindana. Pale Wasifu unaposimulia majaribu ya Siti, majaribu hayo ni ya tabia zaidi kuliko ya fani. Msomaji huondoka akijua kwamba Siti alikuwa mtu mwema, na kwamba sauti yake ilikuwa ya ajabu. Hajui sauti hiyo ilifanyaje kazi.

Kwa maneno mengine, mwandishi amempa Siti uungwana kwa masharti yanayofanana na yale ya nyumba ya Lucknow. Hakumkataza kuimba, la hasha. Anamsifu kwa kuimba. Ila heshima anayomdai inatoka katika mwenendo wake nje ya wimbo, na wimbo unakuwa ushahidi wa mwenendo huo. Siti mwenyewe, alipowajibu wapinzani wake, aliipata heshima ndani ya wimbo.

5. Kile ambacho ukurasa hauwezi kukibeba

Yaweza kupingwa kwamba dai hili linamtaka mwandishi afanye lisilowezekana, kwa kuwa kitabu hakitoi sauti. Pingamizi hilo lina nguvu kwa kiasi fulani tu. Kuna mambo ya uimbaji ambayo maandishi yanaweza kuyaeleza, na kwa kuyatazama mambo hayo pengo la Wasifu linaonekana vizuri zaidi.

La kwanza ni uchaguzi wa lugha. Taarab ya Unguja ilipata nguvu katika kasri la Sultani Barghash, aliyetawala kati ya 1870 na 1888 na kumtuma Mohammed Ibrahim kwenda Misri kujifunza muziki. Chama cha Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905 kiliendeleza fani hiyo miongoni mwa wanaume wa mjini. Lugha ya heshima katika muziki huo ilikuwa Kiarabu. Siti alikijua Kiarabu cha kuimbia na alikitumia, lakini aliiingiza sauti ya Kiswahili katika kumbi ambako Kiswahili hakikuwa na nafasi ya mbele. Huu ulikuwa uamuzi wa kifani wenye matokeo ya kisiasa. Msikilizaji wa daraja la juu alilazimika kumsikiliza binti wa mfinyanzi katika lugha ya mfinyanzi, na mpishi aliyekuwa jikoni alielewa kila neno.

La pili ni fumbo. Katika ghazali kila beti husimama peke yake kimaana, na mpenzi anayeitwa anaweza kuwa mtu, mfalme au Mungu. Mwimbaji hodari huurudia mshororo mmoja mara nyingi, kila mara kwa mkunjo tofauti wa sauti, hadi maana zote zipite mbele ya msikilizaji. Wimbo wa taarab katika Kiswahili, hasa ule wa mishororo mitatu katika ubeti, una uhuru unaofanana na huo. Vina vya kati na vya mwisho huufunga ubeti, lakini walengwa wake hawafungwi. Nani anasemwa, na nani anaitikia akijihisi amesemwa, ni jambo linaloamuliwa usiku ule, mbele ya watu wale. Ukurasa ukiuchapa wimbo bila kueleza hadhira, fumbo hugeuka kuwa wosia. Katika muktadha wa Wasifu, ambapo maneno ya nyimbo yamezungukwa na mafunzo ya tabia, mageuzi hayo ni makubwa zaidi.

La tatu ni habari za mji. Wimbo uitwao Kijiti ni ushahidi mzuri. Unahusu mauaji ya mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam. Mtuhumiwa alitorokea bara, na mahakama iliwaadhibu wanawake waliofika kutoa ushahidi. Wimbo huo ulifanya kazi ambayo katika miji mingine hufanywa na gazeti: ulimtaja mkosaji, ulieleza dhuluma, na uliiweka mahakama ya kikoloni mbele ya hukumu ya wasikilizaji. Laura Fair, katika Pastimes and Politics, kitabu chake cha mwaka 2001, ameonyesha kwa kutumia masimulizi ya wazee wa Unguja kwamba nyimbo za aina hii ndizo zilizokumbukwa sana na watu wa kawaida. Uzito wa Wasifu hauko huko. Siti wa kitabu anawafundisha watu wawe wema. Siti wa Kijiti anauliza kwa nini wenye mamlaka hawatendi haki. Hawa si watu wawili wanaopingana, lakini msomaji aliyemjua wa kwanza peke yake hana njia ya kumkisia wa pili.

6. Kikundi nyuma ya jina moja

Utanzu wa wasifu unadai shujaa mmoja, na dai hilo limekuwa na athari nyingine. Siti hakuimba peke yake. Aliandamana na Subeti Ambari, Buda Swedi, Mbaruk Talsam na Maalim Shaaban. Kundi hilo lilikutana, likasikiliza habari za mitaani, likatunga, likafanya mazoezi na kurekodi kwa pamoja. Baadhi ya wenzake walikuwa waimbaji na watunzi kwa haki yao wenyewe.

Katika Wasifu wenzake hao ni nyota ndogo zilizouzunguka mwezi. Mpangilio huo unaeleweka kwa kitabu cha sifa, lakini unaleta tatizo kwa mtafiti wa utunzi. Maneno ya wimbo yanayochukuliwa kuwa mawazo ya Siti yanaweza kuwa yametokana na majadiliano ya watu watano. Kuyanukuu kama tawasifu yake, kama inavyofanyika mara nyingi katika kazi za kitaaluma, ni kuiga kosa la utanzu. Hapa pia Akhtaribai anasaidia kuona. Hakuna anayeisikiliza ghazali yake na kudhani kwamba maneno ni yake, kwa sababu desturi ya ghazali humtambulisha mshairi, mara nyingi kwa jina lake la kishairi katika beti ya mwisho. Mwimbaji na mtunzi hutenganishwa bila mmoja kumpunguzia mwingine hadhi. Uhakiki wa taarab ya mwanzo ungefaidika kwa kuwa na utaratibu wa namna hiyo, ambapo ubunifu wa Siti ungetafutwa mahali ulipo kwa hakika, yaani katika uteuzi, utamkaji, urudiaji na uthubutu wa kuimba, na haungetegemea dhana kwamba kila neno lilitoka kwake.

7. Kamera iliyochelewa

Mwaka 1958, uleule uliochapwa Wasifu, ilitoka filamu ya Satyajit Ray iitwayo Jalsaghar. Begum Akhtar anaonekana humo kwa muda mfupi kama mwimbaji aliyealikwa katika nyumba ya mwenye ardhi anayefilisika. Mtazamaji hapewi historia ya mwimbaji huyo. Hajui alitoka wapi wala ana tabia gani. Anaona tu namna anavyokaa, anavyouvuta mshororo, anavyowatazama wasikilizaji, na namna wasikilizaji wanavyobadilika nyuso. Filamu hiyo imehifadhi utendaji bila maisha. Wasifu umehifadhi maisha bila utendaji. Ukilinganisha kazi hizi mbili za mwaka mmoja unaona kwamba kila moja ina kile ambacho nyingine imekikosa, na kwamba hakuna hata moja inayotosha.

Siti hakupata kuigiza filamu. Unguja ilikuwa na sinema tangu mapema, na jengo la Royal lilijengwa mwaka 1921, lakini kisiwa kilikuwa mtazamaji wa filamu za wengine. Watu wa Unguja waliweza kuwatazama waimbaji wa India na Misri kwenye pazia. Umm Kulthum, kwa mfano, katika filamu yake ya kwanza, Widad ya mwaka 1936, alimwigiza kijakazi mwimbaji. Mwanamke aliyezaliwa Fumba akiitwa Mtumwa, ambaye maisha yake yalikuwa kisa hicho kwa uhalisi, hakuwa na kamera mbele yake.

Kamera ilikuja kwa kizazi kilichofuata. Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliyeimba nyimbo za Siti na kujihesabu mrithi wake, alipigwa filamu akiwa mzee sana. Ile iliyoongozwa na Andy Jones, As Old as My Tongue, ilitoka mwaka 2006, miaka saba kabla ya kifo chake. Filamu hiyo ina faida ambayo Wasifu hauna: Bi Kidude anavuta sigara, anabishana, anapiga ngoma, anacheka, anaimba kwa sauti iliyochakaa na bado inatisha. Hakuna aliyehitaji kwanza kumfanya malaika ili astahili kusikilizwa. Tofauti kati ya picha hizo mbili inatokana kwa sehemu na tofauti ya chombo. Kwa sehemu nyingine inatokana na kwamba shauri la uungwana wa mwimbaji mwanamke lilikuwa limeshaendeshwa, na kwamba miongoni mwa mawakili waliolishinda alikuwamo Shaaban Robert.

8. Hitimisho

Kutokana na uchambuzi huu, mambo matatu yanaweza kupendekezwa kwa wanaofundisha na kuutafiti Wasifu wa Siti binti Saad.

Kwanza, kitabu kisomwe kama utetezi. Mtafiti asikiulize tu Siti alikuwa nani. Akiulize mwandishi alikuwa anambishia nani, na alilazimika kukubali nini ili asikilizwe. Kikisomwa hivyo, sifa zinazoonekana kupita kiasi hupata maana: kila sifa ni jibu la tusi ambalo halikuandikwa.

Pili, kitabu kisisomwe bila santuri. Kama vile santuri za Megaphone zilivyohifadhi ghazali zilizokatwa katika Roti, ndivyo santuri za Bombay zilivyohifadhi yale ambayo nathari ya adili haikuweza kuyapokea: kikundi, fumbo, ucheshi, hasira na lugha ya mji. Idara ya fasihi inayomtaka mwanafunzi amchambue Siti kwa kutumia Wasifu peke yake inamtaka achambue tamthilia kwa kusoma orodha ya wahusika. Mwanafunzi aliye mbali na Unguja ndiye anayeathirika zaidi, kwa kuwa hana nyimbo hizo masikioni mwake tangu utotoni. Kwake upatikanaji wa sauti si pambo la somo, ni sharti la somo.

Tatu, jina lenyewe lirudishiwe uzito wake. Mwaka 1988 Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania kililiita jarida lake Sauti ya Siti. Waliolichagua jina hilo hawakusema tabia ya Siti wala wema wa Siti. Walichagua sauti, na kwa kufanya hivyo waliuona undani wa jambo ambalo Wasifu uliuzunguka bila kuufikia. Mtumwa binti Saad hakupewa heshima ndipo akaruhusiwa kuimba. Aliimba, na walioisikia sauti hiyo wakajikuta hawana jina jingine la kumwita ila Siti.